Taa Mbili Zikiwaka Pamoja

Bi Laini hakuzaliwa na jina hilo, ila amelivaa muda mrefu mno hata lile la kuzaliwa limebaki kwenye vitambulisho tu. Alilipata kazini. Alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini na mmoja, na kumi na tisa ya mwanzo aliitumikia katika chumba kirefu juu ya posta, mbele ya ubao wenye matundu mia mbili na ushei, visikilizio kichwani, mikono ikipishana bila kugongana. Mtu akitaka kuongea na ndugu yake wa mji wa mbali, alimpata Bi Laini kwanza. Bi Laini alichukua waya mmoja akauchomeka kwa huyu, wa pili akauchomeka kwa yule, akasema, "Haya, ongeeni," kisha akajitoa. Posa ngapi zilipita vidoleni mwake, misiba mingapi, yeye anasema hajui, maana kiapo cha kazi kilikuwa kutosikiliza. Basi na sisi tumwamini, mtu mzima huyu, tusimsute.

Kila jozi ya nyaya ilikuwa na taa zake mbili ndogo mezani. Watu wakiwa wanaongea, taa zimezima. Huyu akiweka chini mkono wa simu, taa yake inawaka. Mwenzake naye akiweka, inawaka ya pili. Taa mbili zikiwaka pamoja, mazungumzo yamekwisha. Unachomoa, unausimamisha waya mahali pake, kichwa juu, tayari kwa mwingine. Hapo hakuna kufikiri, kwa sababu opereta wa kukaa akafikiria kila taa asingemaliza zamu yake. Kulikuwa na kanuni ya pili: ukiwa na shaka, ingia kwanza kwenye laini uulize, "Mnazungumza?" Wakiitika, unasema, "Asante, endeleeni," unatoka kimya kimya. Kanuni hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikisahaulika siku za pilikapilika.

Chumba kile kimefungwa zamani, ubao umekwenda kuuzwa kama chuma chakavu, lakini mikono ya Bi Laini haikupewa barua ya kustaafu. Mpaka leo hawezi kupita karibu na waya uliolegea asiunyooshe. Simu ya mkononi ikilia akiwa na usingizi, huipokea kwa kusema, "Namba, tafadhali." Wahenga walisema mazoea yana tabu, na walisema hivyo kabla hata hawajamwona yeye.

Mumewe anaitwa Mwalimu, na hilo halihitaji maelezo marefu. Alifundisha hisabati miaka thelathini na sita. Alipostaafu, mwaka wa kwanza alisahihisha kila kilichopita mbele yake: gazeti kwa kalamu nyekundu, mabango ya maduka, hata msomaji wa taarifa ya habari, ambaye alikuwa akigombezwa kupitia kioo cha televisheni asijue. Mwaka wa pili kalamu nyekundu ilikauka, asinunue nyingine. Mwaka wa tatu alianza kulala mchana na shati lake mwilini. Ukimuuliza jambo, anajibu, "Vyovyote." Mtu aliyekuwa akikataa jibu la takribani sasa anasema vyovyote! Bi Laini alimtazama, na moyoni aliogopa. Aliona mume wake anazimika yu hai, na hakujua amshike wapi.

Ndipo ikaja simu kutoka kituo cha elimu ya watu wazima. Walikuwa wanafunzi watatu, wote wenye kazi zao na watoto wao, wanataka kurudia mtihani wa hisabati uliowashinda ujanani: kinyozi, mama muuza vitambaa na fundi bomba. Hawana nafasi ya kwenda darasani, hivyo watasomea kwenye kompyuta, kila mmoja alipo, Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni.

"Somo la kwanza ni la kujaribiana, Mwalimu wangu," msimamizi wa kituo alimwambia. "Mkielewana, ni wako mpaka mtihani. Wakishindwa kukupata, itabidi niwatafutie mwingine. Watu wa kazi hawa, hiyo saa moja wanaidokoa tu."

Mwalimu alikata simu akakaa kidogo, halafu akauliza kalamu nyekundu zinauzwa wapi siku hizi. Bi Laini aliingia jikoni, akafungua bomba la maji ili mtu asimsikie, akalia kwa furaha.

Binti yao, anayeishi mji mwingine, alikuja mwisho wa juma akaleta laptopu. Akaita mafundi wa mtandao, nao wakatoboa ukuta wa sebuleni, wakabandika kisanduku cheupe kama cha sabuni nyuma ya pazia, na juu ya kabati la vitabu wakaweka ruta. Kati ya kisanduku na ruta wakapitisha waya mfupi wa manjano. Binti akawafundisha wazazi wake kufungua, kubonyeza, kuingia darasani.

"Raha yake haina waya, Mama," alisema. "Inaruka hewani tu."

"Hakuna kitu kisicho na waya, mwanangu," Bi Laini alijibu. "Waya upo, ila umefichwa."

Baba na binti walicheka sana. Bi Laini akawaacha wacheke.

Jumatano ikafika. Bi Laini aliamka akaishambulia sebule, kwa kuwa wanafunzi wataona kilicho nyuma ya Mwalimu, na haikubaliki mume wake aonekane na vumbi begani. Alikung'uta mapazia, akahamisha kochi, akapanda kigoda na kitambaa chenye maji akapangusa kabati la vitabu kutoka chini mpaka juu. Ubao wa mbao walioupaka rangi nyeusi uliinuliwa ukapigwa msumari ukutani. Mikono ilikuwa kazini, lakini akili yake ilikuwa saa kumi jioni, inamsikiliza Mwalimu akisema, "Haya, tuanze."

Saa nane na nusu Mwalimu alitoka chumbani amevaa shati jeupe, tai ya mistari na viatu vilivyong'aa.

"Viatu nani ataviona?" Bi Laini aliuliza. "Watakuona kuanzia kifuani."

"Sijawahi kufundisha kwa ndara," alisema Mwalimu, akaketi, akafungua laptopu.

Pale chini pembeni, zile alama za mtandao zilionekana, zimejaa vizuri, lakini pamewekwa kialama cha mshangao. Mwalimu alikigusa. Ikatokea sentensi moja, akaisoma kwa sauti kama anavyosoma swali: "Imeunganishwa. Hakuna intaneti." Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Sasa hii ni kauli ya namna gani? Imeunganishwa na nini, kama hakuna kitu?"

Alizima laptopu, akahesabu mpaka sitini, akaiwasha. Sentensi ileile. Akazima ruta kwenye swichi ya ukutani, akahesabu tena, akaiwasha. Sentensi ileile. Wakampigia binti.

"Baba, simu yako ya mkononi inafungua mtandao?"

Mwalimu akajaribu gazeti. Likafunguka, polepole lakini likafunguka.

"Basi intaneti ipo nyumbani," alisema binti. "Mbovu ni laptopu. Kuna kitu kimeguswa?"

Mwalimu aliisogeza simu karibu na mdomo. "Jana," alisema, sauti imeshuka, "niligusagusa. Nilitaka kuongeza ukubwa wa maandishi. Nikafungua sehemu nyingi nyingi."

"Si neno, Baba. Tuiambie laptopu iusahau mtandao, halafu tuuingize upya." Akawaongoza hatua kwa hatua. Walifuta jina la mtandao, wakalitafuta upya, wakaingiza paswadi ndefu iliyobandikwa chini ya ruta, Bi Laini akiitaja herufi moja moja kwa ile sauti yake ya kazi na Mwalimu akiandika kwa kidole kimoja. Laptopu ikapokea paswadi bila kinyongo, alama zikajaa, kisha ikarudia maneno yake: imeunganishwa, hakuna intaneti.

"Ningewaambia mtumie bando la simu," binti alisema, "lakini kwa somo la saa moja..."

"Limebaki la kusomea ujumbe tu," alisema Mwalimu.

Binti aliitwa kikaoni. Akaomba radhi, akaahidi kurudi baada ya saa moja na nusu, akakata. Saa moja na nusu ingewakuta somo limeshaanza.

Mwalimu alishusha mabega yake. Alilegeza tai. "Mama," alisema, na anapomwita mama jua mambo yamefika shingoni, "nimeiharibu mwenyewe. Mikono ya mzee na vitu hivi wapi na wapi. Acha nimpigie msimamizi mapema, watu wasikae wakinisubiri. Kuna vijana wengi wanaoweza kazi hii."

Hapo Bi Laini alipandwa na hasira. Hakumkasirikia mumewe, aliikasirikia ile "mzee" aliyoitamka. Siku chache tu mtu huyu amekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa masomo, kichwa kimeinuka, anabishana na redio, na sasa kijisentensi cha maneno matatu kinataka kumrudisha kulala mchana na shati.

"Hupigi simu kwa mtu," alisema. "Saa bado. Nipe mimi hiyo laini."

"Hii si laini, mke wangu. Haina waya."

"Nipe."

Alipiga simu kwa kampuni ya mtandao. Akapokelewa na muziki. Katikati ya muziki sauti iliyorekodiwa ikamwambia yeye ni wa kumi na nne kwenye foleni. Bi Laini alisonya. Wakati wao, simu ikilia mara tatu haijapokelewa, kiongozi wa zamu alikuwa anakuja kusimama nyuma ya kiti chako, na huyo mama, waliyemwita Mama Kimya, hakuwa na haja ya kusema kitu. Alisubiri akitembea kati ya dirisha na meza. Wa tisa. Wa nne. Saa tisa na dakika ishirini akatokea binadamu, kijana mwenye mafua.

"Je, umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Tumezima na kuwasha mpaka swichi imetujua, mwanangu. Mimi nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Ukiwa huko kwako, unaiona nyumba yangu?"

Kijana akasitasita, inaonekana swali hilo halikuwa kwenye karatasi yake. Akabonyezabonyeza. "Kisanduku chenu cha ukutani nakiona, mama. Kinaitika vizuri kabisa. Kwetu hakuna tatizo."

"Kinaitika. Asante sana. Na hayo mafua unywe maji ya moto."

Akakata. Mwalimu akasema, "Unaona? Kwao hakuna tatizo. Ni laptopu, ni mimi."

Bi Laini alikuwa amesimama katikati ya sebule amefumba macho, na vidole vyake vinacheza. Kazini waliwafundisha kwamba mtu akilalamika hasikii, usianze kumshuku yeye. Jaribu kila upande peke yake. Nani anasikia, nani hasikii? Laptopu haisikii. Simu inasikia. Lakini simu inasikia kwa njia ipi?

Aliichukua simu ya Mwalimu. Yeye ndiye mwenye mazoea ya kuzima data ili bando lisiliwe na wajukuu, kwa hiyo kitufe hicho alikijua. Akazima. Akaiacha simu na mtandao wa nyumbani peke yake, akafungua lile gazeti. Gazeti likazunguka, likazunguka, halikufunguka.

"Njoo uone," alisema. "Simu yako ilikuwa inakula bando lake. Kwenye huu mtandao wa nyumba nayo haisikii. Laptopu yako haina kosa lolote, imesingiziwa."

Mwalimu alikuja, akatazama, na kidogo uso wake ukarudi. Yule ni mtu wa hesabu. Ukimwonyesha hatua, anakufuata. "Kwa hiyo kampuni mpaka ukutani, sawa," alisema taratibu. "Laptopu mpaka kwenye ruta, sawa, maana inasema imeunganishwa."

"Huyu anaitika, na yule anaitika, ila wao kwa wao hawasikilizani," alisema Bi Laini. "Basi ubaya uko mezani kwa opereta."

Akachukua kigoda. Saa tisa na dakika arobaini na mbili alikuwa juu yake, pua imelingana na ruta. Akavuta pazia. Pale kwenye kisanduku cha ukutani, taa mbili ndogo za kijani zilikuwa zinawaka, moja pembeni ya mwenzake. Chini yake tundu lilikuwa wazi, halina kitu.

Waya wa manjano haukuwa umeanguka. Haukukatwa na panya, wala haukulegea wenyewe. Ncha yake ilikuwa imesimamishwa kati ya kamusi na atlasi, wima, kichwa juu, tayari kwa mwingine.

Bi Laini aliutambua mkono ule kama unavyotambua mwandiko wako. Hakuna mtu mwingine nyumba ile, wala mtaa ule, anayechomoa waya akausimamisha namna hiyo. Asubuhi alipanda hapa na kitambaa. Macho yalikutana na taa mbili zinazowaka pamoja, akili iko kwingine, mkono ukafanya kazi uliyoajiriwa nayo tangu ujana. Na akasafisha vumbi, na akashuka, na akaenda kumtafutia Mwalimu soksi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Chake kilikuwa ndani ya kiganja.

Aliuchomeka. Uliingia kwa mlio mdogo ambao hakuusikia miaka mingi, na ambao, hata katika aibu ile, ulimpendeza. Taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka kwenye ruta ikageuka ya kijani. Chini, laptopu ikatoa sauti, kisha nyingine, barua zikimiminika.

"Imekubali!" Mwalimu alipaza sauti. "Bi Laini, imekubali! Umefanyaje? Ilikuwa nini?"

Ulimi wake ukamtangulia. "Laini ilikatika," alisema.

Sentensi hiyo Mama Kimya ndiye aliyewafundisha, wiki ya kwanza ya kazi. Ukichomoa watu wanaozungumza, usiseme mimi. Sema laini imekatika. Laini haina mshahara wa kukatwa. Kabla ya leo, Bi Laini alikuwa ameitumia mara moja tu maisha yake yote. Siku moja ya pilikapilika alichomoa bila kuuliza, akamkata mwanamume mmoja aliyekuwa amesubiri siku mbili kumpata kaka yake. Yule mtu alipopiga tena, akamwambia laini imekatika, na njia ya kule ilikuwa imeshachukuliwa mpaka kesho. Hakugomba. Alisema tu, "Si kosa lako, dada. Labda mimi ndiye nilishika vibaya mkono wa simu." Kisha akamshukuru. Shukrani ile Bi Laini hajapata pa kuiweka mpaka leo.

Saa kumi kamili nyuso tatu zikajitokeza: kinyozi akiwa na shuka la wateja begani, mama muuza vitambaa mbele ya majora yake, na fundi bomba ndani ya kitu kilichofanana na stoo. Bi Laini alijikunyata kwenye kochi, nje ya picha, na kapu la maharage ya kuchambua.

Mwalimu aliwasalimu. Sauti ilikuwa yake, lakini mikono ilikuwa ameikunja nyuma ya mgongo, mbali na laptopu. Kinyozi akaomba aongeze sauti. Mwalimu akakitazama kitufe, asikiguse, akageuka kumtafuta mkewe kwa macho. Bi Laini akanyoosha mkono akaongeza.

"Mniwie radhi, wanafunzi wangu," alisema Mwalimu. "Nataka niwe mkweli kwenu. Mimi ni mzee, na vyombo hivi vinanishinda. Jana niligusagusa, labda ndipo laini ikakatika, ni bahati tu nawaona. Inaweza kuharibika tena. Mkiona hamfaidiki, mwambieni msimamizi awape kijana, mimi sitanuna."

Mama muuza vitambaa akainamisha macho, kama mtu anayepima jambo.

Bi Laini alishika punje ya haragwe akaisahau mkononi. Labda mimi ndiye nilishika vibaya mkono wa simu. Mara ya kwanza alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na kiongozi wa zamu nyuma ya kiti. Leo nyuma ya kiti hapakuwa na mtu.

Akainuka, maharage yakamwagika, akaingia kwenye picha na kanga yake ya jikoni.

"Si yeye," alisema. "Jamani, msimsikilize huyu. Ni mimi. Nilichomoa waya asubuhi nikipangusa vumbi. Yeye hakuharibu kitu. Nimemdanganya kwamba laini ilikatika, laini haikukatika, nilichomoa kwa mkono wangu huu."

Mwalimu alimgeukia. "Ulichomoa?"

"Niliona taa mbili zinawaka pamoja."

Miaka arobaini na miwili ya ndoa ina faida zake. Mwalimu hakuhitaji maelezo zaidi. Alimtazama mkewe, akatazama juu ya kabati, midomo ikaanza kumcheza, kisha akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye vitufe na ubao mzima ukatikisika alipouegemea. Kule kwenye kioo watatu wale wakawa wanauliza taa gani, taa gani, ikabidi Mwalimu awaeleze kuhusu ubao wa matundu mia mbili, na kinyozi akasema mama yake aliwahi kusubiri simu ya posta kutwa nzima na mtoto mgongoni.

"Na mimi nikiona kichwa cha mtu kwenye basi," aliongeza kinyozi, "mkono unatafuta mkasi wenyewe."

"Na mimi nashika nguo za watu msibani," alisema mama muuza vitambaa. "Napima kitambaa. Mume wangu anasema nitakuja kupigwa."

"Haya, tuanze," alisema Mwalimu, akifuta macho.

Akaitoa mikono nyuma ya mgongo. Akaisogeza laptopu mwenyewe ili ubao uonekane, akapunguza mwanga mwenyewe, akashika chaki. Alimuuliza fundi bomba: bomba moja linajaza tangi kwa saa tatu, jingine kwa saa sita, yakifunguliwa yote mawili je? Fundi akasema, "Inategemea presha, Mwalimu." Mwalimu akampigia kelele za furaha kama za zamani, eti mtihani hauna presha, presha anaileta mtahiniwa. Wakabishana, wakakosea, wakapata. Saa kumi na moja ilipogonga hakuna aliyeondoka. Walikwenda dakika ishirini za ziada, na mwisho Mwalimu alikibonyeza kitufe chekundu cha kufunga darasa kwa kidole chake, bila kumtafuta mtu kwa macho.

Kabla hajalegeza tai, ujumbe wa msimamizi ukaingia. Aliusoma kimya, akausoma kwa sauti: "Wamesema Ijumaa wasicheleweshewe. Na wamesema mke wako naye asikose."

Jioni ile waliokota maharage pamoja chini ya meza. Bi Laini alimhadithia habari za yule mtu aliyesubiri siku mbili, yote, hata ile shukrani. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema si neno, wala hakusema ni zamani. Alisema, "Pole," akampa konzi ya maharage.

Kesho yake asubuhi Bi Laini alichukua kitambaa na kigoda. Alipangusa rafu ya kwanza, ya pili, akafika juu. Akavuta pazia. Taa mbili zilikuwa zinawaka, moja pembeni ya mwenzake, na mkono ulikuwa umeshaanza safari kabla yeye hajajua. Ukagusa karatasi. Kwenye waya wa manjano palifungwa kwa uzi kijikaratasi, na juu yake, kwa kalamu nyekundu mpya, kwa mwandiko wa ubaoni, paliandikwa neno moja: TUNAZUNGUMZA.

Chumbani Mwalimu alikuwa anajisomea somo la Ijumaa kwa sauti, anajiuliza na kujijibu.

"Asante," alisema Bi Laini kwa sauti yake ya kazi. "Endeleeni."

Akashuka.